Edward Steere: Mwalimu Aliyejifunza kwa Wanafunzi Wake

Kifungu kifuatacho ni cha kusoma kwa kina. Kimewekwa baada ya sura ya ngeli kwa sababu maalumu: mtu anayesimuliwa humu ni miongoni mwa wa kwanza kuzipanga nomino za Kiswahili katika makundi na kuyachapisha makundi hayo katika kitabu cha kufundishia. Mwanachuo asikisome kama historia ya dini pekee. Akisome huku akijiuliza swali moja: mwalimu anayefundisha lugha ambayo si yake, na ambayo si ya wanafunzi wake pia, huanzia wapi? Swali hilo linamgusa kila mwalimu atakayepangiwa shule ya milimani kama zile za Rwimbogo, wilayani Rusizi, ambako mtoto huja darasani akiwa na Kinyarwanda kamili kinywani, na Kiswahili pengine amekisikia sokoni tu, kwa wafanyabiashara wanaovuka mipaka ya Kongo na Burundi.

1. Kutoka mahakamani hadi kanisani

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mwana akaifuata njia hiyohiyo. Alisoma London, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huohuo akakubaliwa kuwa wakili. Hata hivyo kazi ya mahakama haikumshika moyo. Alipenda vitabu, alipenda kazi za mikono, na katika ujana wake alijifunza uchapaji akawa na mtambo wake mdogo wa kupigia chapa. Wakati huo ilionekana kuwa ni burudani tu ya kijana msomi. Baadaye mtambo wa namna hiyohiyo ulikuja kuwa chombo chake kikubwa cha kufundishia.

Mwaka 1856 aliuacha uwakili akawa shemasi wa Kanisa la Kianglikana, na mwaka 1858 akawa kasisi. Mwaka huo wa 1858 alimwoa Mary Beatrice Brown. Alihudumu katika vijiji vya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, miongoni mwa wakulima na wavuvi. Hapo ndipo urafiki wake na kasisi jirani, William George Tozer, ulipokomaa. Urafiki huo ndio uliomfikisha Afrika.

2. Mlima wa ukungu

Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge, akawasihi vijana wa Uingereza wasiisahau Afrika. Matokeo yake yalikuwa kuundwa kwa misheni ya vyuo vikuu, ambayo watu wa pwani walikuja kuijua kwa jina la UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikwenda bonde la mto Shire akafariki huko kwa homa mnamo Januari 1862. Mwaka uliofuata Tozer aliteuliwa kushika nafasi yake. Steere alikubali kumsindikiza rafiki yake kwa muda mfupi tu. Muda huo mfupi, ukiondoa miaka aliyorudi kwao, ulidumu hadi kufa kwake.

Wageni hao walipanda mlima Morambala, ulio katika nchi iitwayo leo Msumbiji. Walidhani kwamba juu mlimani watapata hewa safi. Wakakuta ukungu, baridi na maradhi, na bonde zima lililokuwa limevurugwa na njaa pamoja na biashara ya watumwa. Tozer aliamua kuondoka. Uamuzi huo ulimletea lawama nyingi kutoka Uingereza, kwani wengi waliona kuwa ni kukimbia. Hoja yake ilikuwa kwamba misheni inahitaji mahali ambapo barabara zote za nchi hukutana. Mahali hapo palikuwa Unguja. Walifika mwishoni mwa Agosti 1864.

Unguja ya wakati ule, chini ya Sultani Majid bin Said, ilikuwa mji wa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi iliyarudisha. Kutoka bandarini zilitoka bidhaa za misafara iliyofika Tanganyika na kupita. Misafara hiyo iliporudi ilileta pembe za ndovu, na ilileta watu. Soko la watumwa lilikuwa wazi katikati ya mji, mtaa wa Mkunazini. Na lugha iliyowaunganisha mwenye jahazi, dalali, mpagazi na mtumwa ilikuwa Kiswahili.

3. Wavulana watano

Haukupita muda mrefu, Sultani akawakabidhi wamishonari hao wavulana watano waliotolewa katika jahazi lililokamatwa likisafirisha watumwa kinyume cha sheria. Shule ikaanza hivyo, bila mtu yeyote kuiomba. Watoto hawa walikuwa wametekwa mbali, wameuzwa, wamevushwa bahari, kisha wamepewa watu weupe ambao hawakujua wametoka wapi wala wanataka nini. Hakuna aliyewauliza kama walitaka kusoma. Mwalimu wa leo anapaswa kulikumbuka jambo hili asije akaisoma habari ya shule hiyo kama ngano tamu.

Hali ya lugha ndiyo inayotuhusu zaidi. Watoto walioletwa katika miaka iliyofuata walitoka Uyao, Unyasa, Umakua na kwingineko bara. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Kwa Steere pia kilikuwa kigeni. Kwa hiyo mwalimu na wanafunzi walianza safari moja, kila mmoja kutoka upande wake, wakakutana katika lugha ya mji. Tofauti ni kwamba watoto walikuwa na faida ambayo mwalimu hakuwa nayo: lugha zao na Kiswahili ni za jamii moja ya Kibantu. Mtoto wa Kiyao alisikia mtu na watu bila kushangaa kwamba neno linabadilika mwanzoni badala ya mwishoni. Aliyeshangaa ni daktari wa sheria.

4. Siku za mwalimu

Maisha ya kila siku katika nyumba ya misheni, kwanza Shangani mjini, na baadaye katika shamba la Kiungani lililonunuliwa mwaka 1866, hayakuwa na mambo makuu. Siku ilifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala. Kati ya sala hizo mbili palikuwa na kusoma, kuandika, kuhesabu na kuimba. Palikuwa na watoto wagonjwa wa kuuguzwa, mahesabu ya nyumba ya kuandikwa, na barua za kujibu kabla meli haijaondoka. Homa haikumhurumia mtu. Wamishonari kadhaa walizikwa baada ya kukaa miezi michache tu. Mkewe Steere, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu, alibaki Uingereza, na wawili hao waliishi mbalimbali kwa sehemu kubwa ya ndoa yao. Gharama hiyo haikuandikwa katika vitabu vya hesabu vya misheni, lakini ililipwa na watu wawili.

Katika ratiba hiyo Steere aliingiza somo jingine: uchapaji. Wavulana walifundishwa kuokota herufi za risasi moja moja, kuzipanga kinyumenyume katika mstari, kupaka wino na kukandamiza karatasi. Kazi hii ni somo la tahajia lisilo na mfano. Anayepanga herufi za neno hawatakuja hawezi kulimeza neno hilo kwa mkupuo. Lazima apite ha-, wa-, ta-, ku-, ndipo afike kwenye mzizi -j- na kiishio. Mmoja wa wanafunzi hao, Owen Makanyassa, alikuja kuwa msimamizi wa kiwanda cha uchapaji cha misheni. Karatasi za masomo, sala na hadithi zilizosomwa darasani zilichapwa na mikono ya wanafunzi wenyewe.

Saa nyingine za Steere zilikuwa za kuketi na wenyeji wa mji na kusikiliza. Aliomba ngano, akaziandika kama zilivyosimuliwa. Mmoja wa wasimulizi wake alikuwa kijana Hamisi wa Kayi, aliyekuwa na kipaji cha kutambua ni jambo gani la lugha linalomtatiza mgeni. Hapa mwalimu alibadili kiti: aliyezoea kusahihisha akasahihishwa. Ngano hizo zilitoka mwaka 1870 katika kitabu chenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Mojawapo ya ngano hizo inastahili kukumbukwa na kila mwalimu. Ni ya mwalimu Goso, aliyefundisha watoto chini ya mbuyu. Paa alipanda mtini kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka, likampiga mwalimu kichwani akafa. Wanafunzi walimzika, kisha wakaenda kumtafuta aliyemwua. Wakaushika upepo wa kusi. Upepo ukajitetea kwamba ungekuwa na nguvu usingezuiwa na ukuta. Wakauendea ukuta, na ukuta ukawapeleka kwa panya, panya kwa paka, paka kwa kamba, kamba kwa kisu, kisu kwa moto, moto kwa maji, maji kwa ng'ombe, na mnyororo ukaendelea hadi kwa paa mwenyewe.

Watoto huipenda ngano hii kwa mzunguko wake. Mwanasarufi huipenda kwa sababu nyingine. Kila kinachoulizwa huingia katika sentensi na kipatanisho chake: upepo unavuma, kisu kinakata, maji yanazima, kamba inafunga, ng'ombe anakunywa. Ngeli karibu zote zinapita mbele ya msikilizaji naye hajui kwamba yuko darasani. Steere alikuwa na sarufi nzima mikononi mwake, imesimuliwa na kijana wa mjini.

5. Ngeli nane

Steere hakuwa wa kwanza. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika pwani mwaka 1844, akamzika mkewe Rosina Mombasa mwaka huohuo, na mwaka 1850 akachapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Krapf alifanya kazi Mombasa na Rabai. Msingi wake ulikuwa lahaja ya Kimvita. Steere aliisoma kazi hiyo kwa heshima, lakini akaona kwamba Kiswahili alichokisikia Unguja kilitofautiana nacho katika mambo mengi. Akaamua kuandika alichokisikia.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, na mwaka 1870 kitabu chake cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama inavyosemwa Unguja kikachapishwa London. Ndani yake nomino zimegawanywa katika ngeli nane. Ya kwanza ni ya viumbe wenye uhai, m- na wa-. Ya pili ni m- na mi-. Ya tatu ni ya maneno yasiyobadilika umoja na wingi, kama nyumba. Ya nne ni ki- na vi-. Ya tano ni ya wingi wa ma-. Ya sita ni ya u-. Ya saba ina neno moja tu, mahali. Ya nane ni ya vitenzi-jina vyenye ku-.

Mwanachuo aulinganishe mpangilio huu na ule wa sura iliyotangulia. Ataona kwamba mifupa ni ileile. Leo tunaziita ngeli kwa vipatanishi vyake, A-WA, U-I, LI-YA na kadhalika. Wanaisimu nao huhesabu umoja na wingi mbalimbali, wakafikia namba kubwa zaidi. Lakini uamuzi wa kuweka umoja na wingi pamoja, na wa kuiacha mahali isimame peke yake kwa sababu vipatanishi vyake havifanani na vya neno jingine lolote, ni uamuzi wa mtu aliyesikiliza kabla ya kupanga. Ingekuwa rahisi kuisukuma mahali katika ngeli ya ma-. Herufi za mwanzo zilimruhusu. Kilichomkataza ni masikio: watu hawakusema mahali yale mazuri, walisema mahali pale pazuri.

Steere pia alitumia herufi za Kilatini. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na tenzi za Lamu, Pate na Mombasa zilihifadhiwa kwa herufi hizo. Yeye alichagua irabu zitamkwe kama za Kiitaliano na konsonanti zikaribie za Kiingereza. Tahajia tunayoifundisha leo, kwa sehemu kubwa, imetokana na chaguo hilo.

Kiswahili hakikuwa lugha pekee aliyoiandikia. Mwaka 1867 alichapisha mkusanyo mdogo wa Kishambaa, mwaka 1871 wa Kiyao, na mwaka 1876 wa Kimakonde. Hakuwatazama wanafunzi wake kama vyombo vitupu vya kumiminiwa Kiswahili. Alitambua kwamba kila mmoja alikuja na sarufi yake, na kwamba sarufi hiyo ilistahili kuandikwa.

6. Kwenye uwanja wa soko

Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Kiliangusha minazi na mikarafuu kwa maelfu, kikazamisha majahazi bandarini na kuharibu majengo ya misheni. Tozer alikuwa mgonjwa, na mwaka 1873 alijiuzulu. Steere, aliyekuwa amerudi Unguja mwaka 1872, alikuta kazi ya kuanza upya.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, kwa shinikizo kubwa la Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini na kufunga masoko yake. Soko la Mkunazini likafungwa. Misheni ilipata kiwanja hicho: sehemu ilinunuliwa na mmishonari Arthur West, na sehemu ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa hapo. Mwaka 1874 Steere alitawazwa kuwa askofu.

Uaskofu haukumtoa darasani wala kazini. Alisimama na mafundi, akachanganya matumbawe na saruji, akabuni paa la kuba ambalo wengi waliamini lingewaangukia waumini. Halikuanguka, lilikamilika na kanisa likafunguliwa siku ya Krismasi ya 1879, na paa hilo lipo hadi leo. Mgeni anayeingia humo huonyeshwa pia nguzo fupi zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizipindua wakati askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Liwe kweli au ngano, simulizi hilo linamfaa mwalimu: si kila kosa la mwanafunzi linalobomoa nyumba.

Katika uwanja huohuo, kabla ya kanisa kukamilika, Steere alihubiri kwa Kiswahili mbele ya watu wa mji. Waislamu waliomsikiliza hawakuacha dini yao, na yeye aliishi nao kama jirani. Alichowaonyesha ni kwamba mgeni anaweza kusema lugha yao bila kuikwaruza. Maneno aliyoyatumia katika tafsiri zake, kama imani, dhambi, sala na neema, aliyachukua kwao. Hakuunda lugha ya kanisa pembeni ya lugha ya watu.

7. Barabara ya Masasi

Kusini mwa mji, katika shamba la Mbweni, misheni iliwaweka watumwa walioachiwa huru, pamoja na shule ya wasichana ambayo Caroline Thackeray aliifundisha kuanzia mwaka 1877. Wengi wa watu wazima wa Mbweni walitamani kurudi bara. Steere aliogopa pia kwamba watoto waliokaa sana chini ya Wazungu wangekuwa vivuli vya Wazungu, wasiofaa kwao wala ugenini. Mwaka 1876 alivuka bahari na kundi la watu hao hadi Lindi, kisha wakatembea kuelekea Ziwa Nyasa. Hawakufika walikotaka. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri na maji, wakaamua kubaki. Kijiji walichokianzisha kikawa chimbuko la misheni, shule na baadaye mji ujulikanao leo.

Wanafunzi wa kwanza nao walikua. John Swedi na George Farajallah, miongoni mwa wavulana wa mwanzo, walipewa daraja ya ushemasi mdogo mwaka 1870. Cecil Majaliwa, mwana wa shule hizohizo, alipata ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufika daraja hilo. Steere hakuishi kuiona siku hiyo.

8. Kifo na kilichobaki

Mwishoni mwa Agosti 1882, siku chache tu baada ya kurudi kutoka mapumziko Uingereza, Edward Steere alifariki ghafla Unguja. Alikuwa na umri wa miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya altare. Alikuwa amekwisha kutafsiri Agano Jipya na sehemu za Agano la Kale. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891. Kitabu chake cha sarufi kiliendelea kuchapishwa na kusahihishwa na A. C. Madan, mwalimu wa Kiungani, ambaye naye alitoa kamusi mbili mashuhuri, mwaka 1894 na 1903.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake. Sababu za uchaguzi huo zilikuwa nyingi, ila mojawapo ni kwamba Kiunguja kilikuwa tayari na vitabu vya shule. Hapa lazima tuseme ukweli wote. Uchaguzi huo uliziweka kando Kimvita na Kiamu, lahaja zenye hazina kubwa ya ushairi, na washairi wa Mombasa hawakulisahau jambo hilo upesi. Herufi za Kilatini nazo ziliwafanya watu waliojua kusoma kwa herufi za Kiarabu waonekane kama wasiojua kusoma. Mtu mmoja hakuyafanya hayo yote, lakini karatasi zilizochapwa na wavulana wa Unguja zilikuwa mwanzo wake. Mwalimu anapochagua aina ya Kiswahili cha kufundisha, anachagua pia kitakachosahaulika.

9. Funzo kwa mwalimu

Tulianza kwa kuuliza mwalimu wa namna hii huanzia wapi. Maisha ya Steere yanajibu kwamba huanzia kwa kusikiliza. Mwalimu wa Rusizi ana bahati ambayo Steere alikosa, kwa maana yeye na wanafunzi wake wana lugha moja ya kuanzia, nayo ni ya Kibantu. Mtoto anayesema umuntu na abantu amekwisha kujua mtu na watu kabla hajafungua daftari. Anayesema ikintu na ibintu yuko hatua moja kutoka kitu na vitu. Na lile neno lililompa Steere ngeli nzima, mahali, lina ndugu yake katika Kinyarwanda, ahantu, lenye upatanisho wake wa pekee vilevile. Mwalimu asiyeuliza wanafunzi wake wanajua nini atawafundisha kwa miezi mitatu jambo ambalo wangelitambua kwa siku moja.

Maswali ya ufahamu na sarufi

1. Eleza kwa nini kuhama kutoka Morambala kwenda Unguja kulilaumiwa, na kulitetewaje.
2. Kuna tofauti gani kati ya msingi wa lugha alioutumia Krapf na ule alioutumia Steere? Tofauti hiyo ilileta matokeo gani baada ya mwaka 1928?
3. Panga nomino zifuatazo kwanza katika ngeli nane za Steere, kisha katika ngeli za upatanisho ulizojifunza: mkarafuu, jahazi, kisu, ukuta, mpagazi, mahali, kuimba, ngano.
4. Simulia upya kisa cha mwalimu Goso kwa maneno yako katika aya moja, ukitumia wakati uliopo. Pigia mstari kila kipatanishi cha kiima.
5. Changanua kitenzi wasingezuiwa kwa kutaja kila mofimu na kazi yake.
6. Andaa somo la dakika 40 la ngeli ya KI-VI kwa wanafunzi wanaosema Kinyarwanda. Onyesha utaanza na maneno gani wanayoyajua tayari, na utawauliza nini kabla ya kuwaeleza chochote.
7. Jadili: je, mwalimu wa Kiswahili ana wajibu wowote kwa lahaja asizozifundisha?